Mtoto Mdogo Ndani ya Mashua: Likizo ya Tanga Katika Visiwa vya Lamu

Watu wengi wa bara wapatapo likizo huteremka na jamaa zao mpaka Mombasa, wakakaa mchangani siku kadhaa, wakaitazama bahari kwa mbali kama mtu atazamaye ng'ombe wa jirani. Hurudi makwao hawajapata kutia mguu chomboni hata mara moja. Wakiulizwa sababu, hujibu ya kuwa wana mtoto mdogo. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwa maana bahari haimtambui mtoto wala mzee. Hata hivyo, katika visiwa vya Lamu wako watoto wasiohesabika waliopakiwa mashuani kabla hawajajua kutembea, wakapelekwa harusini, matangani na kwa bibi zao, wakarudishwa salama. Wazazi wao si mashujaa kuliko wazazi wa bara. Wamefundishwa tu jambo moja ambalo mgeni naye aweza kujifunza: kwamba safari yenye mtoto ndani hupimwa kwa kadiri ya mtoto, wala haipimwi kwa hamu ya baba.

MAHALI PANAPOFAA

Si kila bahari ifaayo kwa chombo kidogo chenye mtoto. Nje ya miamba, bahari kuu huja na mawimbi marefu ambayo hata mabaharia wazima huyaheshimu. Lakini visiwa vya Lamu, ambavyo vikubwa vyake ni Lamu, Manda na Pate, vimepangana karibu na bara, na baina yake mna maji yaliyokingwa na nchi kavu, miamba na misitu ya mikoko. Humo mashua yaweza kwenda mchana kutwa pasipo pwani kupotea machoni.

Jamaa itokayo bara hufika Mokowe kwa gari, ikavuka kwa chombo mpaka mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kutoka hapo zipo safari fupi zimtoshazo mtoto. Shela ni karibu sana, na mbele yake uko ufuo mrefu wa mchanga. Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, ni kijiji cha mafundi waundao vyombo, na mtoto aweza kuona mbao zikipigwa misumari na mianya ikizibwa kwa pamba na mafuta. Kipungani ni kijiji cha wasukao mikeka. Siyu, Faza na Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, ni mbali zaidi, na yafaa zingojee mtoto akue kidogo na wazazi wapate mazoea.

Tena ikumbukwe kwamba maji hayo si matupu kama yalivyokuwa zamani.  Tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, na sasa meli kubwa huingia katika ghuba ya Manda. Mashua za mashine nazo hupita kwa kasi na kuacha mawimbi nyuma yake. Chombo kidogo cha tanga hakina haja ya kushindana navyo. Na kikae kando, katika maji ambayo vikubwa havina kazi nayo.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo kifaacho kwa jamaa ni mashua. Ina mkuku chini, mlingoti mmoja, na tanga moja kubwa lililofungwa katika mti mrefu uitwao foromali. Ngalawa huenda mbio na haipinduki upesi kwa sababu ya matengo yake ya ubavuni, lakini ni nyembamba, maji huruka ndani, na mtoto hana mahali pa kulala.

Kabla ya kupatana bei, mzazi mwenye busara huingia chomboni na kutazama kwa macho yake mwenyewe. Hutazama ngama, yaani maji yaliyokusanyika chini, kwa kuwa kila chombo cha mbao huvuja kidogo, bali chombo kizuri hakivuji hata mtu mmoja ashindwe kuyatoa. Huuliza kilipo chombo cha kutekea maji hayo. Hutazama tanga kama limeoza penye mishono, na kamba kama zimelika. Huona kama iko nanga na kamba yake, na makasia au pondo ya kusukumia chombo upepo ukilala. Mwisho, huhesabu majaketi ya kuokolea maisha, moja kwa kila mtu. Serikali ina Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004, ambayo kazi yake mojawapo ni usalama wa vyombo. Lakini ofisi, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kukaa ndani ya kila mashua. Jicho la baba na mama halina badala yake.

Liko jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Mashua huwekewa farumi, yaani mawe au mifuko ya mchanga, ili isimame imara. Farumi hiyo ni rafiki wakati wa upepo, lakini mashua ikijaa maji farumi huivuta chini. Kwa hiyo mtoto asifungwe kamba chomboni, kama wazazi wengine wadhanivyo kuwa ndiyo salama. Katika chombo kikubwa kisichopinduka kwa urahisi, kamba yaweza kumzuia asitumbukie. Katika chombo kidogo kilicho wazi, kamba hiyo hiyo humfungia katika hatari. Salama yake ni jaketi mwilini na mkono wa mtu mzima.

UPEPO NA MAJI

Mkulima wa bara ajua kwamba hapandi mahindi siku apendayo yeye, bali siku mvua ipendayo. Bahari nayo ina majira yake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na mara nyingi siku zake ni kavu na za jua. Kisha huja mvua za masika, na baada yake kusi, ambayo kati ya Juni na Agosti huvuma kwa nguvu na kuichafua bahari. Kuanzia Septemba hivi kusi hulegea, na miezi ya Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijasimama, huwa na siku nyingi za upole. Miezi hiyo ya mwisho na siku tulivu za kaskazi ndizo zifaazo kwa mtoto. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa habari za upepo na mawimbi, na ni vema kuziuliza. Lakini hata baada ya kuzipata, mtu na amwulize pia mvuvi aliyerudi asubuhi ile.

Pamoja na upepo kuna kujaa na kupwa. Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi, yakapwa kwa muda kama huo, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika hamsini au karibu na hapo. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, ndipo penye bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yaweza kupita futi 10. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, ambayo huenda kidogo tu. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Asiyejua jambo hili aweza kuamka kwa furaha, akawabeba watoto na vikapu mpaka gatini, akakuta chombo kimelala matopeni. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la saa za maji. Karani aliyezoea kusoma ratiba ya gari moshi hatashindwa kulisoma.

Mkanda ni mlango mwembamba upitao kati ya Manda na bara, na kwa muda wa karne nyingi vyombo vilingoja hapo mpaka maji yajae, nahodha maskini na nahodha tajiri pamoja. Hakuna aliyeona aibu kungoja.

MFANO WA SAFARI MOJA

Na tuseme kwamba bwana mmoja, mkewe, na mtoto wao wa miaka 3 wataka kwenda Takwa, katika kisiwa cha Manda. Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15 hata ya 17, kisha ukaachwa. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwamo James Kirkman mwaka 1951, walifukua msikiti wake mkubwa na kuta za nyumba zake. Liko pia kaburi lenye mnara. Yasemekana maji ya visima yaligeuka kuwa ya chumvi, na wenyeji wakahamia Shela, ng'ambo ya maji.

Njia ya Takwa ni kijito cha bahari kipitacho katikati ya mikoko, na hakiingiliki ila maji yakiwa yamejaa vya kutosha. Basi jamaa hii haichagui siku kwa kalenda ya ofisini. Huchagua kwa jedwali la maji. Huitafuta siku ambayo maji yatajaa saa saba mchana, kwa mfano. Huondoka Lamu saa nne na nusu, wakati maji yangali yakipanda, ili mashua ikipanda juu ya fungu la mchanga iinuliwe na maji yenyewe. Hufika kabla ya saa sita na nusu. Mtoto hutembezwa magofuni, hula chini ya mti, hucheza. Saa nane hivi wote wamo chomboni tena, hata kama mtoto analia kwa kutaka kubaki. Wakikawia mpaka saa kumi, kijito kitakuwa tope, nao watakaa humo na mbu mpaka usiku.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili: katika siku nzima hiyo, mwendo wa tanga wenyewe ni saa chache tu. Hicho ndicho kipimo kizuri kwa mtoto aliye chini ya miaka 5. Mwendo mfupi asubuhi, nchi kavu mchana, mwendo mfupi wa kurudi, na nanga kabla jua halijashuka. Mtu atakaye kusafiri mchana kutwa na usiku kucha na angoje mwanawe akue, au aende peke yake.

MAMBO YA MTOTO

Jaketi la mtu mzima halimwokoi mtoto. Atateleza kutoka ndani yake kama samaki. Yapasa apate jaketi lililoandikwa uzito wake, lenye ukosi mkubwa nyuma ya shingo ili uso wake ugeuke juu majini, na lenye mkanda upitao katikati ya miguu ili lisipande kichwani. Alivae tangu gatini, kwa sababu kupanda na kushuka chomboni ndizo nyakati ambazo mguu huteleza. Kama wazazi waweza, na walijaribu kwanza katika maji ya kina kidogo pwani, mama akimshika, ili mtoto azoee kuelea na asipigwe na hofu. Mtoto akimwona baba amevaa jaketi lake, hatakataa la kwake.

Mahali pake ni chini, katikati ya chombo, karibu na mama au ndugu mkubwa. Asikae omoni penye maji ya kuruka, wala karibu na demani, yaani kamba ya kuzuia tanga, kwa maana kamba hiyo hukazwa ghafula kwa nguvu ya kumtupa mtu mzima. Wakati wa kugeuza chombo, foromali na tanga huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na mabaharia hukimbia huku na huku. Katika dakika hizo mtoto hushikwa, wala hapana mazungumzo. Mtu mmoja na ateuliwe kwa jina kuwa mwangalizi wake. Mtoto anayeangaliwa na wote haangaliwi na mtu.

Jua la baharini huunguza mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Shati la mikono mirefu, kofia iliyofungwa kwa uzi chini ya kidevu, na kivuli cha tanga au cha kitambaa kilichotandazwa vitamfaa. Maji ya kunywa ndiyo mzigo wa kwanza kupakiwa na wa mwisho kuishiwa. Mtoto hukauka upesi kuliko mtu mzima, na hajui kusema kwamba ana kiu mpaka amekwisha kuchoka. Apewe kidogo kidogo njiani, ajapokuwa hakuomba. Takwa yenyewe ni fundisho: mji mzima wenye msikiti na kuta uliachwa, na sababu mojawapo itajwayo ni maji matamu. Basi jamaa ichukue maji ya siku mbili kwa safari ya siku moja.

Chakula na kiwe cha kawaida: mkate, ndizi, viazi vilivyochemshwa, tende, madafu. Mabaharia hupika juu ya mkaa katika sanduku lenye mchanga, lakini moto na mtoto anayejifunza kutembea havipatani katika nafasi ya hatua nne. Ni heri kupikia nchi kavu. Kuhusu kichefuchefu, watoto walio chini ya miaka 2 hawapatwi nacho sana. Ni wale wakubwa kidogo wanaosumbuka. Dawa yake ya kwanza ni kumkalisha mahali penye upepo, atazame mbali penye nchi, asitazame chini. Kama jamaa italala kisiwani, chandarua kisisahauliwe, na viatu vya kukanyagia miamba viwepo.

NAHODHA MMOJA

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Baba aweza kuwa mkubwa wa nyumba, karani mkuu au mwalimu, lakini akiisha kuingia mashuani yeye ni abiria. Kwa upande wa pili, nahodha mwema akubali kwamba mama mwenye mtoto ana haki ya kusema neno moja, nalo ni "turudi". Neno hilo likitamkwa, halijadiliwi.

Jaribu kubwa hutokea siku ya mwisho ya likizo. Upepo umebadilika usiku, mawimbi yameanza kuvunjika nje ya mlango wa Shela, na safari waliyoahidiwa watoto haijafanywa. Baba humwendea nahodha gatini.

"Bwana nahodha, likizo yangu yakwisha kesho. Hatuwezi kujaribu hata kidogo?"

"Bwana, likizo ni yako, bahari ni ya Mungu. Ungekuwa peke yako tungejaribu. Leo una mtoto."

Mazungumzo ya namna hiyo ni ya kawaida, na yafaa kila baba ajue jibu lake kabla hajatoka nyumbani kwake. Wako watu ambao, wakikataliwa na nahodha mzee, huenda kumtafuta kijana aliye tayari kwenda kwa fedha kidogo zaidi. Huyo ananunua hatari kwa mali yake mwenyewe, na atakayelipa salio ni mtoto ambaye hakuulizwa. Wahenga walionya pia, usisafirie nyota ya mwenzio. Mashua nyingine ikitoka siku hiyo na kurudi salama, haikuthibitisha neno lo lote. Labda haikuwa na mtoto, labda nahodha wake alizaliwa katika mlango ule.

FAIDA YAKE

Baada ya maonyo haya yote, mtu aweza kuuliza kama taabu hiyo ina maana. Inayo. Katika mashua, baba hana gazeti, mama hana jiko, na mtoto hana mahali pa kutumwa akacheze. Wote watatu hukaa katika nafasi ya hatua chache, wakatazama kitu kimoja. Mtoto wa miaka 3 hujifunza kwamba tanga likikazwa chombo hulala, likilegezwa huinuka. Huona maji yaliyokuwa jana juu ya ngazi yakiwa leo chini kabisa. Huona pia baba yake akimtii mtu mwingine aliye mjuzi kuliko yeye, na hilo ni fundisho ambalo shuleni halifundishwi kwa urahisi.

Watoto wa pwani huanza hivyo hivyo. Huchonga vijahazi vya kuchezea na kuvishindanisha penye maji madogo, kisha hupewa kazi ya kuteka ngama, kisha kushika kamba, na mwisho usukani. Siku hizi mashine zimechukua mahali pa matanga katika safari nyingi, na kijana aweza kukua kisiwani asijue kukisoma kivuli cha upepo juu ya maji. Jamaa ya bara inayokodi mashua ya tanga kwa siku moja, basi, humpa mzee mwenye ujuzi huo sababu ya kuutunza na kumfundisha mwanawe.

Kwa hiyo mzazi asiogope bahari, wala asiifanyie mzaha. Achague miezi ya upole, asome jedwali la maji, akague chombo, amvike mtoto jaketi limfaalo, achukue maji mengi, na akubali kurudi. Mabaharia wana msemo wa maneno mawili tu, nao watosha kuandikwa katika kila mashua ichukuayo watoto: kawia ufike.